Viwavi wa Shemeji

Mama Pazia hakuwa mtu mbaya, na atakayesema vinginevyo aje aniambie mimi. Alikuwa na tatizo moja tu: hakumwamini mtu. Muuza maziwa akimletea maziwa, anayainua kwenye mwanga na kuyakagua mpaka mwenyewe anaanza kuona haya. Fundi viatu wa pale kona akimsalimia kwa uchangamfu, anajiuliza huyu leo anataka nini. Asipomsalimia, anajiuliza nimemkosea nini. Wateja wakija na vipimo vya madirisha yao, havipokei. "Dirisha nitakwenda kulipima mwenyewe," husema, na tepu tayari iko shingoni. Na ukweli lazima usemwe: mara nyingi vipimo vya wateja vilikuwa vya uongo. Ndiyo maana ugonjwa wenyewe haukumtoka.

Kazi yake ilikuwa kushona mapazia, na jina alilipata huko. Chumba cha mbele kilikuwa cherehani, meza ya kukatia, na vitambaa vilivyopangwa hadi karibu na dari. Vitambaa vya sufu ndivyo vilivyompa wasiwasi, maana nondo wakiingia humo wanakula usiku na mchana. Kwa hiyo kila sanduku, kila mfuko na kila mkebe ulikuwa na vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini. Mgeni akiingia mara ya kwanza alipiga chafya, akafuta machozi, akasingizia mafua. Mama Pazia alimpa pole, kisha akifunga mlango anasema, "Watu wa siku hizi wana mafua ya kudumu. Sijui wanakula nini." Yeye pua yake ilishazoea zamani. Hakuwa anasikia harufu yoyote.

Mumewe ndiye aliyekuwa akiyatundika hayo mapazia. Mke anashona, mume anatoboa ukuta na kufunga bomba la pazia. Siku moja alikwenda kutundika pazia kwenye nyumba moja ambako vijana wa kazi walikuwa wanafyeka ua wa miti, akawakuta wamesimama mbali wakirushia mawe kitu kidogo cha kijani. Alikuwa kinyonga. Yule bwana akamwokota kwa mkono mtupu, vijana wakapiga mayowe, akamtia ndani ya sanduku la vifaa pamoja na skrubu na nyundo, akaja naye nyumbani. Mama Pazia alipofungua sanduku alipanda juu ya kiti.

"Huyo hatalala humu."

"Hatalala humu," mumewe akakubali. "Atalala barazani."

Akamtengenezea mahali pake kwenye baraza ya nyuma, penye hewa na jua la asubuhi: bomba la pazia lililobaki, na matawi makavu yaliyofungwa kwenye bomba hilo kwa waya. Kwa jinsi mnyama yule alivyokuwa anatembea, hatua moja, anafikiri, hatua nyingine, anaahirisha, huku jicho moja linakutazama wewe na la pili linatazama mambo yake, wakamwita Mheshimiwa. Mama Pazia alianza kwa kumpita mbali. Baadaye akawa anampita karibu. Mwishowe akawa anampitia kabisa na kikombe chake cha chai, amsimulie habari za wateja.

Kisha mumewe akafa. Aliamka mzima, akalalamika kifua, na kabla ya saa sita alikuwa hayupo. Mama Pazia hakulia mbele za watu, maana aliwashuku hata waliokuja kumlilia. Alilia barazani. Mheshimiwa alimgeuzia jicho moja, na yeye akaona kwamba katika nyumba nzima kiumbe aliyebaki aliyekuwa akingoja mlio wa viatu vya yule mtu ni huyu tu. Akamwambia, "Wewe usiniache." Alimaanisha.

Sasa tuje kwa shemeji.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikaa nyumba ya pili, ukuta mmoja katikati. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu na mgongo mbovu, sasa analima kabichi nyuma ya nyumba yake na kuzungumza nazo. Alikuwa mtu wa mzaha mwingi, na Mama Pazia hakupenda mizaha, maana mzaha huwezi kujua umeficha nini. Kwa mfano, miaka yote yule bwana alikuwa akimwita kaka yake "Kaka Kabati". Akimwona tu mlangoni: "Kabati limefika!" Marehemu alikuwa mfupi, mpana, na Mama Pazia alilichukua lile jina kuwa tusi la umbo, akaliweka moyoni.

Halafu kulikuwa na mambo mawili ya baada ya kifo. La kwanza, siku ya mwisho ya matanga shemeji aliomba apewe koti la kazi la marehemu, lile kuukuu lililochanika mfuko. Nguo nzuri zilikuwepo. Alipoonyeshwa suti, akakataa. Sasa mtu mwenye akili zake anaacha suti anachukua koti bovu la nini? Mama Pazia alishakwisha kumpa ndipo ikamjia kwamba hakupekua mifuko. La pili, wiki chache baadaye shemeji alisimama ukutani akasema, "Shemeji, tutoboe mlango hapa, tusizungukie barabarani." Mama Pazia akajibu kwamba atafikiria. Moyoni akasema: thubutu! Leo mlango, kesho chumba, keshokutwa nyumba.

Basi huyu ndiye aliyejitolea kumlisha Mheshimiwa. "Kaka alikuwa anamkamatia panzi," alisema. "Wewe na magoti yako utakimbizana na panzi, shemeji? Mimi kabichi zangu zina viwavi mpaka natamani kuwatoza kodi. Nitakuletea." Na kweli, kila asubuhi kopo likawa linapita juu ya ukuta, ndani kuna viwavi wa kijani, laini, wanene, wanajinyonganyonga kwenye kipande cha jani.

Mama Pazia aliwapokea kwa asante ndefu, wala hakuwatoa kwenye kopo. Alivaa viatu, akaenda duka la dawa za mifugo, alikokuwa akikaa daktari wa mifugo.

"Daktari, viwavi wa bustanini, ni salama kumlisha kinyonga?"

Daktari alikuwa akimdunga mbuzi sindano. "Mama, mimi wangu ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Kinyonga sijawahi hata kumgusa, na nikiwa na uwezo sitamgusa. Lakini nitakwambia ninachojua." Akamwachia mbuzi. "Mwenye manyoya au miiba, usimpe. Mwenye rangi za kung'aa, nyekundu, njano, usimpe, hiyo rangi ni onyo. Aliyetoka kwenye majani ya nyanya au mti wenye utomvu mkali, usimpe, sumu ya jani imo tumboni mwake. Aliyetoka kwenye bustani iliyopigwa dawa, usimpe kabisa kabisa. Wa kijani, laini, wa kabichi isiyo na dawa, mpe, lakini asiwe chakula chake cha kila siku. Na kwanza mweke pembeni siku moja bila majani, atoe kilicho tumboni."

"Na nitajuaje kama bustani imepigwa dawa?"

"Muulize mwenye bustani."

Mama Pazia akacheka kicheko kifupi. Amuulize mwenye bustani! Mwizi aulizwe kama ameiba!

"Kiwavi mwenyewe hana ubaya, mama," daktari akamalizia. "Angalia amekula nini na amepita wapi."

Yale maneno Mama Pazia aliyabeba mpaka nyumbani. Kutoka chumba cha mbele akachukua mkebe mzuri wenye mfuniko, ule aliokuwa akiwekea nyuzi za sufu, akamwaga nyuzi na vidonge vyake vyeupe, akaupangusa kwa kitambaa kikavu, akatoboa mfuniko kwa ncha ya mkasi. Humo akawa anawaweka viwavi wa shemeji chini ya ulinzi, siku nzima, kama watu waliotoka safari ya mbali. Kesho yake anachagua wale wanaotembea bado, anampa Mheshimiwa. Wasiotembea anawatupa.

Mwanzoni hakuona kitu. Kisha akaanza kuona. Ulimi wa Mheshimiwa, ambao zamani ulitoka na kurudi kabla hujafumba jicho, ukawa unatoka nusu na kuanguka njiani. Macho yakaanza kuzama. Rangi yake ikageuka, kijani ikafifia, akawa kama jani lililosahauliwa ndani ya chai. Alishika tawi lakini mkono mmoja ulikuwa unateleza. Na viwavi nao: wakipita ukutani wanacheza, wakikaa kwake wanalegea. Sasa wewe mwenyewe niambie, mtu afikiri nini?

Alifikiri sumu. Dawa ya polepole, inayomwacha mdudu atembee mpaka kwa jirani ndipo imwangushe. Akaiona picha yote: Mheshimiwa anakufa, mjane anabaki peke yake, anavunjika moyo, anahama, na shemeji anatoboa mlango wake.

Asubuhi iliyofuata alitoa kiti nje akajifanya anaanika mashuka. Akapanda juu ya kile kiti, akachungulia juu ya ukuta. Shemeji alikuwa katikati ya kabichi zake, bomba la kupulizia dawa liko mgongoni, anapuliza mstari kwa mstari huku anapiga mluzi.

"Aha!" Mama Pazia alisema kwa sauti, mpaka kiti kikayumba. "Nimekushika!"

Shemeji aligeuka. "Umenishikia wapi, shemeji? Shuka zenyewe hujazikamua."

"Hiyo ni dawa gani?"

"Hii? Maji."

"Maji! Maji yanapuliziwa kwa bomba la dawa?"

"Mgongo wangu hauwezi ndoo, shemeji, unajua." Akamtazama vizuri, na mzaha ukaanza kumtoka usoni. "Kuna nini?"

"Mheshimiwa anakufa, ndiyo kuna nini! Na viwavi wako wanalegea wakifika kwangu! Wewe unataka nini katika nyumba ya kaka yako? Sema leo, tujue!"

Yule bwana akachukua ncha ya lile bomba, akaielekeza kinywani mwake, akapuliza. Akameza. Akapuliza tena. Maji yakamchuruzika kidevuni mpaka kwenye shati.

"Maji, shemeji," akasema polepole. "Kama nataka kumuua mnyama wa kaka yangu, basi na mimi nife hapa hapa." Akaingia ndani.

Mama Pazia alishuka kwenye kiti. Amebadilisha bomba, aliwaza. Lakini hata yeye aliona lile wazo halina miguu. Yeye alipanda kwenye kiti bila kumwambia mtu, shemeji angejua saa ngapi abadilishe?

Kopo halikupita tena. Mama Pazia alitoka na chandarua kukamata panzi, akamkamata mmoja, naye Mheshimiwa hakumtaka. Asubuhi moja akamkuta chini. Hakuwa kwenye tawi, alikuwa sakafuni, ubavu mmoja, mweusi, mdomo wazi kidogo. Alipomwinua, ile mikono midogo haikumshika kidole. Hapo ndipo Mama Pazia alipopoteza akili zote alizokuwa nazo za kushuku. Alikwenda ukutani akapiga kelele ya mtu anayeunguliwa na nyumba.

"Shemeji! Shemejiii! Njoo! Anakwenda! Anakwenda na yeye!"

Shemeji hakuzungukia barabarani. Mgongo mbovu na yote, alipanda ukuta, akaangukia upande wa pili kwa kishindo, akaja anachechemea. Akampokea Mheshimiwa kwenye viganja viwili, akampulizia pumzi usoni, akamdondoshea maji mdomoni kwa ncha ya kidole.

"Alikula nini mara ya mwisho?"

"Viwavi wako."

"Viwavi wangu wanazaliwa kwenye kabichi na kufa kwenye kabichi, wazima. Wakija kwako wanalala wapi?"

Mama Pazia akamletea mkebe. Shemeji akafungua mfuniko. Akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi, akapiga chafya, macho yakajaa maji.

"Shemeji! Hii ni dawa ya kabati!"

"Nini?"

"Vidonge vya nondo! Mkebe mzima unanuka! Umewafungia humu siku nzima? Kitu kinachoua nondo, kiwavi atapona? Kiwavi si mtoto wa nondo?"

Mama Pazia akauchukua mkebe, akatia pua ndani. Akavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Hakusikia kitu. Bati tu, basi.

Na hapa, ndugu yangu, ndipo palikuwa pagumu kuliko pote. Maana macho yake angeyaamini, na tepu yake angeiamini, lakini pua yake haikumpa habari, na pua iliyompa habari ilikuwa ya mtu huyu. Unaona mtego? Mtu anayetuhumiwa anakwambia kosa ni lako, na ushahidi ni kitu ambacho wewe huwezi kukinusa.

"Unanisingizia," alisema, lakini sauti haikuwa na mifupa.

Akatoka na mkebe barabarani, na kanga iliyokaa vibaya. Fundi viatu alikuwa anapaka gundi. "Nusa hapa," Mama Pazia akamwamuru. Fundi akanusa, akasukuma mkebe kwa kiwiko. "Mama, mimi nanusa gundi kutwa nzima, lakini hii yako ni kiboko." Muuza maziwa akapita na baiskeli. "Wewe, nusa." Akanusa, akakohoa mpaka akashuka. "Kama nguo za bibi yangu," akasema. Mama Pazia aliwatazama wote wawili akitafuta kama wamekonyezana. Kwa sekunde moja aliwaza: wamepangwa. Kisha akakumbuka wateja wake wote wenye mafua ya kudumu, mmoja baada ya mwingine, wanafuta machozi mlangoni pake, na yeye anawapa pole.

Akakaa chini hapo hapo, kwenye kigoda cha fundi viatu, mkebe mapajani.

"Ni mimi," alisema. "Jamani, ni mimi niliyemlisha."

Aliporudi, shemeji alikuwa ameshampigia daktari simu. Daktari alisema hajui dawa ya kinyonga, lakini mnyama yeyote aliyevuta au kula sumu ile apelekwe penye hewa safi, apewe maji kidogo kidogo, asilazimishwe kula, na waombe. Wakamhamishia kwenye mti mdogo kando ya kabichi za shemeji, mbali na nyumba ya mapazia. Mama Pazia akawa anazungukia barabarani kila asubuhi, anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anamdondoshea maji. Shemeji naye, kwa mara ya kwanza, hakutania.

Siku zikapita, na yule mnyama akawa hafi wala haponi. Kisha asubuhi moja akafungua jicho lote. Rangi ilianza kurudi mkiani, ikapanda mgongoni. Shemeji akachuma kiwavi wa kijani kutoka jani la ndani, akampa Mama Pazia. Yeye akakataa.

"Mpe wewe. Mikono yangu inanuka."

Shemeji akanyoosha kiganja. Mheshimiwa alitazama kwa jicho moja, akafikiri, akaahirisha, akafikiri tena. Ulimi ukatoka, ukafika, ukarudi na mtu wake. Mama Pazia alilia wazi wazi, mbele ya mtu, bila kujali.

Alipomaliza kujifuta akasema, "Shemeji, nilikukosea. Sana. Lakini na wewe una kosa. Pua unayo. Miaka yote hii umekuwa ukiingia nyumbani kwetu, mbona hukuniambia nyumba yangu inanuka hivi?"

Shemeji akainama, akang'oa gugu ambalo halikuwa gugu.

"Kaka alikuwa ananuka hivyo," alisema. "Tangu alipokuoa. Akiingia tu mlangoni, kabla hujamwona, unajua ni yeye. Ndiyo nikamwita Kabati."

Mama Pazia alikuwa ameshalibeba lile tusi miaka mingi, na sasa hakujua aliweke wapi.

"Lile koti," shemeji akaendelea, bila kumtazama, "nilikuwa nalitundika nyuma ya mlango. Nikiingia jioni ni kama amekuja kunitembelea. Sasa limeisha harufu. Halinuki kitu. Nilikuwa nikija pale ukutani na kopo, ukifungua mlango wa nyuma inatoka kidogo, nasimama." Akakohoa. "Mlango ule nilioomba, shemeji, ndio ulikuwa wa hilo."

Kabichi zilikuwa na umande bado. Mheshimiwa alikuwa anatafuna taratibu, jicho moja kwake, la pili kwa mwingine.

"Lilete," Mama Pazia akasema.

"Nini?"

"Koti. Lilete."

Akaenda nalo nyumbani, akalikunja, akashona mfuko uliochanika, akalilaza ndani ya sanduku la sufu, vidonge vyeupe juu na chini, akafunga. Jioni ya kesho yake alilitoa. Alilibana usoni mwake akavuta pumzi, na kama siku zote hakusikia kitu. Akalipeleka hivyo hivyo.

Shemeji alilipokea mlangoni. Alilinusa mara moja tu, kisha akageukia ukuta, mabega yakaanza kumtikisika.

Mama Pazia alisimama pale akimtazama, na kwa hayo mabega akajua kwamba harufu imerudi.